Amana ya Mtunza Ngoma

Uaminifu wa mtu aliyekabidhiwa amana hupimwa siku ya umati kuliko siku ya upweke. Siku za kawaida mtumishi wa makumbusho hufuta vumbi, huandika idadi ya wageni, na hulinda ukimya. Siku ya sherehe mambo hubadilika. Kila tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani iliyoanzishwa mwaka 1977, majumba mengi huondoa kiingilio, na watu wasioingia mwaka mzima humiminika. Hapo swali huzuka: je, mtumishi huyu hulinda vitu dhidi ya watu, au kwa ajili ya watu?

Kwa wenyeji wa Ngara na Biharamulo swali hili si dogo. Boma la Wajerumani pale Biharamulo, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, lingali limesimama. Jiwe hujishuhudia lenyewe. Ngoma haina uwezo huo. Bugufi, nchi ya Wahangaza iliyo Ngara, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya kutiwa katika Tanganyika chini ya Waingereza. Katika Kirundi, lugha iliyo ndugu ya Kihangaza, neno ingoma ni ngoma na tena ni ufalme. Sheria ilipofuta utemi Tanganyika mwaka 1963, ngoma za watawala zilibaki bila kazi.

Tuseme ngoma ya namna hiyo imewekwa katika makumbusho, na siku ya sherehe mzee wa Ngara ananyosha mkono.

“Shikamoo mzee. Tafadhali usiiguse.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Lakini ngoma isiyopigwa ni gogo.”

Wote wawili wana haki. Jasho la mkono mmoja halidhuru, bali jasho la mikono elfu huila ngozi, na watakaozaliwa kesho nao ni warithi. Lakini mzee amebeba yasiyoandikwa ukutani: nani aliipiga, saa ngapi, kwa msiba gani au furaha gani. Akirudishwa nyuma kwa ukali, gogo litasalimika na ngoma itapotea.

Bujora, karibu na Mwanza, pana mfano wa kufuatwa. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950, huhifadhi ndani ngoma za watemi. Na katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma nyingine uwanjani. Ya kale hupumzika, mlio hauzimiki.

Basi wajibu wa mtumishi ni kuzuia mkono na kufungua kinywa: ampe mzee kiti, wengine wasubiri, maneno yake yaandikwe. Kazi hiyo huchosha, hasa mlango ukiwa umefurika. Lakini mlango wa bure si sadaka kwa maskini. Ni mwenye mali kuonyeshwa mali yake. Mlinzi anayesahau hayo huwa mwenye nyumba kwa hila, hata kama hajaiba kitu.