Bikoni Iliyosogezwa kwa Nia Njema

Mtu anayehamisha mpaka wa jirani usiku, kwa jembe na tochi, ameshakaripiwa vya kutosha. Torati inamlaani. Mtume Muhammad alionya kwamba anayedhulumu hata shubiri moja ya ardhi atatwishwa ardhi saba shingoni Siku ya Kiyama. Watu wa pwani wanayajua maneno hayo tangu utoto, na wengi wanayaogopa kikweli. Ninayemhofia mimi ni mwingine: mtu mwema, asiyetamani cha jirani, anayeiona bikoni, ile alama ya pembe ya ploti, imekaa vibaya akaamua kuinyoosha.

Kisa hiki nimekibuni ili nisimtaje mtu wala jirani yake. Sheria zilizomo ni za Kenya.

Shamba la minazi na mikorosho upande wa Kikambala, Kaunti ya Kilifi, liligawanywa likauzwa. Kando ya kijia kimoja zilipangana ploti tano, kila moja hamsini kwa mia. (Madalali huiita ploti ya namna hiyo thumuni ya eka, ilhali thumuni kamili ni futi za mraba 5,445 na hamsini kwa mia ni 5,000. Mnunuzi aanze kuuliza maswali hapo hapo.) Upimaji wenyewe haukuwa na kasoro. Aliyeufanya alikuwa mpima mwenye leseni, na vijana wake walishinda juani siku kadhaa. Chini ya udongo mwepesi wa pale kuna mwamba wa matumbawe, kwa hiyo kila pembe waliutoboa kwanza, wakasimika nondo fupi tunduni, kisha wakaimwagia zege. Kichwa cha nondo kilibaki kikichungulia kiasi cha vidole viwili. Umbali na mwelekeo kutoka bikoni hadi bikoni ukaandikwa kwenye ramani, nayo ramani ikapelekwa Nairobi kwa Mkurugenzi wa Upimaji, ikakaguliwa na kuhifadhiwa.

Mwenye ploti ya kwanza alikuwa na pesa, akaanza ukuta. Vibarua walipochimba mtaro wa msingi wakagonga zege.

"Mzee, bikoni imeingia kwenye mtaro," fundi akamwambia kwa simu.

"Itoe, ukimaliza ukuta uirudishe palepale."

Fundi aliing'oa kwa mtaimbo. Ukuta ulipofika kiunoni akaikumbuka, lakini palepale palikuwa pameshakaliwa na mawe. Akaisimika nje ya ukuta, upande wa jirani, futi moja na nusu kutoka ilipokuwa. Akaiwekea zege jipya, akaipigilia vizuri, hata akaipaka chokaa nyeupe ionekane. Alidhani amefanya uungwana, na kwa nia alikuwa muungwana kweli.

Mwenye ploti ya pili alipokuja kujenga, fundi wake alianzia kwenye ile bikoni iliyopakwa chokaa. Akavuta tepu futi 50, akakuta bikoni inayofuata iko ndani kwa futi moja na nusu. Kati ya bikoni mbili, moja safi imesimama wima na nyingine imefunikwa na nyasi, wewe ungeamini ipi? Ile ya nyasi ikang'olewa kwa madai kwamba trekta liliigonga. Mpya ikawekwa futi 50 kutoka ile ya chokaa, na ukuta wake ulipojengwa, ikasukumwa tena nje kwa futi moja na nusu ileile ya unene wa msingi. Mwenye ploti ya tatu akajenga uzio wa mabati kwa kuufuata ukuta wa pili bila kuongeza chochote. Wa nne akajenga ukuta wa mawe, naye akajiongezea mara mbili ya alivyojiongezea wa pili.

Ploti ya tano ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyeinunua kwa akiba ya chama. Ng'ambo yake kuna barabara, na barabara haikusogea. Alipokwenda kupima upana wa ploti yake akapata futi 44.

Mpaka hapo hakuna aliyeiba, na hilo ndilo linalonitia uchungu katika migogoro ya namna hii. Ukiwaita wale wanaume wanne, kila mmoja atakuapia kwamba ana futi zake 50 tu, na atakuonyesha bikoni kama ushahidi, ilhali bikoni hizo ni wao wenyewe waliozisogeza. Bikoni si mali ya mwenye ploti. Ni ushahidi wa ploti zote zinazoizunguka, na ukishaiondoa mahali pake, hata kwa nusu hatua, inaendelea kutoa ushahidi kama zamani, ila sasa ni wa uongo.

Sheria imeliona hilo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamtaka kila mwenye ardhi atunze alama za mipaka yake, na kifungu chake cha 21 kinasema anayeharibu, anayeondoa au kudhoofisha alama bila idhini ya Msajili ametenda kosa. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 2, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Zaidi ya hapo, aliyepatikana na hatia hulipa gharama ya kuirudisha alama, awe amepewa adhabu nyingine au hakupewa. Swali linaloulizwa ni kama ulikuwa na idhini. Kupaka chokaa hakukusaidii.

Sasa mama. Angekwenda moja kwa moja kwa Msajili wa Ardhi, kisa kingekuwa kifupi. Alikwenda kwa dalali aliyemuuzia, naye dalali akamletea kijana aliyemtambulisha kama sarveya. Kijana alivaa fulana ya kung'aa, akatoa simu, akazunguka ploti akibonyeza kila pembe.

"Mama, ploti yako ipo yote. Imeingia upande wa barabara tu."

"Na barabara je, mwanangu?"

"Barabara ni ya serikali, haina mwenyewe."

Akang'oa bikoni mbili za upande wa barabara, ambazo katika safu nzima ndizo zilizokuwa zimebaki sahihi, akazisogeza futi 6 nje. Akalipwa taslimu, bila risiti na bila karatasi yoyote yenye jina lake.

Hapa nataka msomaji akae nami kidogo. Simu ya kawaida, hata chini ya anga wazi, hukosea takriban mita 5, na chini ya minazi au ubavuni mwa ukuta hukosea zaidi. Mama alikuwa anatafuta futi 6, yaani mita 1.8. Kosa la chombo lilikuwa kubwa kuliko mgogoro wote. Mpima wa kweli naye hutumia satelaiti, lakini kwa vipokezi vinavyosahihishana na alama inayojulikana mpaka kosa linashuka hadi sentimita. Halafu hategemei chombo peke yake, hutafuta kwanza bikoni za zamani na ramani iliyohifadhiwa.

Tofauti kubwa zaidi ni ya dhamana. Chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, leseni hutolewa na Bodi ya Wapima Ardhi baada ya mtihani, na Bodi hiyohiyo inaweza kuisimamisha au kuifuta. Mwenye leseni huweka sahihi kwenye ramani yake na huwasilisha vipimo na hesabu zake vikaguliwe, na akikosea anaweza kuamriwa kusahihisha kwa gharama yake mwenyewe. Anaweza kutuma wasaidizi shambani, lakini anayejibu ni yeye. Yule kijana wa simu, ukimtafuta baada ya mwezi namba yake haipatikani, na sheria haina pa kumshikia isipokuwa polisi wamkamate kwanza. Kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita sarveya, mwombe namba ya leseni na uulize kwenye Bodi. Ni swali la dakika chache, na mwenye leseni halimkasirishi.

Mama akajenga geti kwenye mpaka mpya. Haikupita muda wahandisi wa barabara wakalichora X nyekundu. Akatafuta wakili, akawashtaki majirani. Kesi ikafutwa kabla ya shahidi wa kwanza, kwa kuwa kifungu cha 18 cha ile Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili hajaubainisha mpaka huo. Ada ya wakili ikawa imekwenda. Wengi hufika hapa wakidhani mahakama imewanyima haki, kumbe wamepitia mlango usio wao.

Hatimaye akaandika kwa Msajili. Majirani wote wakapewa taarifa, siku ikapangwa, mpima mwenye leseni akaitwa. Watu walikusanyika wakitarajia aanze kupima palipo na ugomvi. Yeye alikwenda mbali, ploti za nyuma ambazo hazijajengwa, akafyeka nyasi mpaka akapata bikoni tatu zisizoguswa. Akapima baina yao, akalinganisha na ramani, zikakubaliana. Kutoka hapo akapiga hesabu kurudi kijiani, akaweka kijiti kwenye kona kati ya ploti ya nne na ya tano, akamwambia kibarua achimbe taratibu. Udongo ulipoondolewa mwamba ulionekana, na ndani yake tundu la mviringo, pana kama kidole gumba, lenye kutu ya nondo ukingoni na mabaki ya zege. Lilikuwa futi 6 ndani ya ua wa jirani.

Hakuna aliyebisha tena kuhusu mahali. Kilichobaki kilikuwa nani abomoe. Mwenye uzio wa mabati aliuhamisha wiki ileile. Wawili wa kuta za mawe waliomba muda. Wa kwanza, aliyeanzisha yote kwa simu moja, alikuwa na ukuta uliosimama karibu na mahali pake, kwa hiyo deni lake lilikuwa dogo kwa futi na kubwa kwa sababu. Geti la mama nalo liling'olewa, kwa gharama yake.

Nilimuuliza mpima mmoja, mtu halisi huyu, nini kingefanywa siku ile ya mtaro. Akasema ni kazi ya asubuhi moja. Kabla ya kuchimba, mpima huweka alama za rejea pembeni, mahali mtaro hautafika, akaandika umbali kutoka kila moja hadi kwenye bikoni. Ukuta ukiisha, anarudi na vipimo vile, na pembe inarudishwa ilipokuwa. Kama inaangukia ndani ya ukuta, huwekwa alama kwenye ukuta wenyewe na kuandikwa hivyo. Bei yake haifikii hata ya lori moja la mawe.

Fundi wa ploti ya kwanza bado anajenga kuta Kikambala. Akipewa kazi siku hizi, anataka aonyeshwe bikoni zote nne, mwenye ploti na jirani wakiwapo, na moja isipoonekana hachimbi mpaka mpima aje. Ameshanyimwa kazi mbili kwa sababu hiyo.