Kimya cha Mitarakwa ya Ngare Ndare

Msitu wa Ngare Ndare uko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika kaunti ya Meru, pale mteremko wa mlima unapokwisha na nyika inapoanza. Una hekta kama 5,500 tu, eneo dogo likiwekwa kando ya msitu mkuu unaouzunguka mlima wenyewe. Jina lake ni la Kimaasai, maana yake maji ya mbuzi. Waliopapa mahali hapa jina hilo walifika wakiwa na mifugo yenye kiu, nao waliyataja maji kabla ya miti.

Mti mkuu hapa ni mtarakwa. Wengi huuita mwerezi, na msomaji wa Biblia hufikiria mara moja mierezi ya Lebanoni, lakini undugu huo ni wa jina tu. Mwerezi wenyewe humea Lebanoni, Kupro, kwenye milima ya Atlas na Himalaya. Mtarakwa ni wa jamii ya mijunipa, jamii ya miti ya kaskazini mwa dunia, nao ndio pekee kati yao ulioshuka wenyewe ukavuka ikweta. Unapatikana Uarabuni, Ethiopia na Kenya, hadi nyanda za juu za kusini mwa Afrika. Gome lake huchanika katika vipande virefu kama kamba. Kutoka matawini huning'inia ndevu za kijivu, ambazo ni kuvu na mwani walioungana wakaishi kama kiumbe kimoja.

Uzuri wa mbao yake ndio ulioiponza. Mchwa hawaitaki na haiozi upesi, hivyo nguzo ya mtarakwa iliyochimbiwa na babu huweza kumkuta mjukuu ingali imesimama. Hunukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi, na kweli zamani ilivunwa Kenya kwa ajili ya penseli. Waogiek wameitumia kwa namna ya upole zaidi: huchonga mizinga ya nyuki kwa mti huo na kuifunika kwa gome lake. Nguzo hukatwa kwa dakika chache kutoka kwenye mti uliokua kwa miaka mingi, na hesabu hiyo haijawahi kuwa ya haki.

Mtarakwa una tabia nyingine ambayo mpita njia haitambui upesi. Mche wake haustawi chini ya kivuli cha mzazi. Mara nyingi kundi la mitarakwa iliyolingana kwa umri ni dalili kwamba zamani moto ulipita hapo, ukafungua mwanga, na mbegu zikaota pamoja. Baadaye mizeituni mwitu huingia chini yake, taratibu, ikichukua nafasi ya wazee wanaoanguka. Mzeituni nao una wenyewe: makaa ya vijiti vyake ndiyo Wamaasai husafishia vibuyu vya maziwa, na maziwa hayo hubaki na harufu ya moshi wake.

Maji yana safari ndefu kuliko inavyoonekana. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika, yenye kimo cha mita 5,199, na miamba yake imejaa nyufa na vitundu. Sehemu ya mvua inayonyesha juu huzama badala ya kutiririka, ikashuka gizani polepole hadi inapokutana na tabaka lisilopenyeka, kisha ikachomoza chini kama chemchemi. Ndiyo sababu kijito cha msituni huweza kuendelea kutiririka wakati wa kiangazi, nyasi za nyika ya Isiolo zikiwa zimekauka. Ndani ya Ngare Ndare maji hayo huanguka kwenye maporomoko na kutulia katika mabwawa madogo ya rangi ya feruzi. Wageni wengi huja kwa ajili ya mabwawa hayo, wakaipita mitarakwa bila kuinua macho. Ni hasara kubwa, kwa kuwa mizizi na majani yaliyooza chini ya miti hiyo ndiyo yanayoushika udongo usiporomokee majini.

Matembezi hufanywa na askari wa msitu akiwa mbele, maana hapa kuna tembo, nyati na chui. Mwenyeji wa pwani au bara hubisha hodi mlangoni mwa mtu kwa sauti. Msituni hodi ni kunyamaza. Kuvunjika kwa tawi mita hamsini mbele humwambia askari jambo ambalo maongezi yangelifunika. Yeye huinua mkono, msafara husimama, na katika kusimama huko msitu hujitokeza: mbega waruka kileleni, shorobo afungua mabawa na kuonyesha wekundu uliokuwa umefichika, maji yasikika kabla hayajaonekana. Lipo pia daraja la kamba na wavu wa chuma lenye urefu wa mita 450, linalopita kati ya matawi. Huko juu hatua ya mmoja hutikisa wote, na watu hupunguza mwendo bila kuambiwa.

Tembo wana njia yao. Msitu huu ni kiungo kati ya mlima na nyanda za hifadhi ya Lewa, na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru ilikuwa imeukata ushoroba huo. Tangu 2011 wanyama hupita chini ya barabara, kwenye kivuko walichojengewa, magari yakiendelea juu yao. Mwaka 2013 Ngare Ndare na Lewa viliongezwa katika eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya. Ulinzi wa kila siku, hata hivyo, uko mikononi mwa jamii za jirani pamoja na serikali, utaratibu uliopewa nguvu na Sheria ya Misitu ya 2005. Wanaokaa kando ya msitu wanahitaji kuni, malisho na maji, na kila kimoja hupangwa kwa makubaliano ambayo hayakosi mvutano.

Mto hutoka msituni ukielekea kaskazini, bonde la Ewaso Ng'iro. Kadiri unavyoshuka, joto huzidi na miti hupungua, hadi mitarakwa inakwisha na migunga inashika nafasi. Huko mbuzi huteremshwa mtoni kunywa.