Motere Ikipata Moto



Mwezi wa Oktoba, mbele ya mvua, jua la Kapolowe ni kali. Tunapopanda kamio ya zamani kwenda kusali Likasi, maji yakipunguka katika radiateri, ao mkanda wa feni ukilegea, motere hupata moto. Hapo shofere asimame kivulini, na sisi tusimlazimishe aendelee.

Tena mtu asifungue kifuniko upesi: maji yaliyobanwa humo huruka na kuunguza uso. Wala asimwage maji baridi katika motere iliyokauka kwa moto, kwani chuma chaweza kupasuka. Tungoje ipoe, ndipo tuongeze maji polepole.

Wapendwa, hasira ni vilevile. Ni ndoa ngapi zimepasuka kwa kukosa kungoja? Ndugu akiwaka, tusimfungue kwa maneno makali, wala tusimmwagie mashauri mara moja. Tukae naye, tunyamaze, tuombe. Moyo ukipoa, atapokea neno.

Shofere mwenye akili huangalia maji mbele ya safari. Nasi tusali asubuhi, mbele ya jua kupanda.

Neema ya Bwana iwe nanyi. Amina.