Mbacha wa Mpiga Picha

Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakuwa na habari ya kamera. Hata hivyo si rahisi kumpata mtu anayeuonja uchungu wa methali hiyo kuliko mpiga picha anayeketi usiku na daftari lake la hesabu, akijiuliza auze vyombo vyake vyote ahamie kamera za kampuni nyengine, au abaki na kamera aliyonayo, fedha azitie katika lenzi iliyo bora. Kwa nje hili ni suali la dukani. Kwa ndani ni suali la kale: mtu afungamane na nini, na mpaka lini?

Na achukuliwe mwanamke anayepiga picha za harusi Mji Mkongwe wa Unguja, mmoja katika wale wanaoingia kumbi za wanawake, ambako mpiga picha wa kiume hatii mguu. Kamera yake imepita miaka kumi. Lenzi yake ni ile ile iliyotoka nayo katika boksi, ya milimita 18 hadi 55, ambayo ikivutwa hadi mwisho wake haifunguki zaidi ya f/5.6. Usiku ukumbini taa zimefifia. Bibi harusi anainua mkono wenye hina na piko, na picha inatoka ama giza, ama imetikisika, ama imejaa chenga kama mchanga. Lenzi ndogo ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8 ingeingiza nuru karibu mara kumi ya hiyo. Kumwambia mtu huyu kwamba picha hupigwa kwa jicho wala si kwa chombo ni kumdhulumu. Na anayedhulumiwa zaidi ni bibi harusi, kwa kuwa usiku ule haurudi.

Mchagua jembe si mkulima, watasema wengine. Ni kweli, lakini jembe lililolika likakaribia mpini halina tena la kuchaguliwa. Anayetaka lenzi ya f/1.8 anaweza kuitaja picha aliyoikosa, na siku aliyoikosa. Anayetaka kuhama moja kwa moja aghlabu hawezi kutaja hata moja. Anazozitaja ni picha za mwenzake. Huyo hanunui chombo, ananunua matumaini ya kuwa mtu mwengine. Washairi wanawajua watu wa namna hii: yule ambaye shairi lake la mizani kumi na sita likipooza, kesho yuko kwenye utenzi, keshokutwa amejitangaza bingwa wa mashairi huru, na ubaridi unamfuata kote aendako.

Lakini katika methali ile limo neno ambalo wengi huliruka. Msala haukukatazwa, uliokatazwa ni msala upitao. Basi katika kamera kipi hupita na kipi hukaa? Mafundi hujibu kwamba kamera hupita na lenzi hukaa, na kinachoziunganisha ni ile pete ya chuma ambamo lenzi huingizwa ikazungushwa. Nikon ilitoa pete yake ya F mwaka 1959, ikaishikilia kwa miongo mingi. Canon, mwaka 1987, iliiacha pete yake ya FD ikaleta ya EF, kwa ajili ya lenzi zinazojilenga zenyewe kwa mota. Lenzi ya FD iliundwa ikae milimita 42 kutoka kwenye filamu. Kamera mpya ilidai 44. Kwa milimita 2 hizo tu, pasipo kutiwa kioo cha ziada katikati, lenzi ya zamani haikuweza tena kulenga kilicho mbali, na waliozikusanya lenzi hizo kwa miaka walijikuta na vioo visivyo na mlango. Mwaka 2018, kampuni zote mbili zilipoleta pete mpya kwa kamera zisizo na kijioo ndani, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Pete ya RF ya Canon hudai milimita 20, kwa hiyo lenzi ya EF hutiwa bomba tupu la milimita 24 ikaendelea na kazi. Mara ya kwanza ilikuwa talaka. Mara ya pili liliachwa daraja.

Kwa hiyo mpiga picha anayejiita mtu wa kampuni fulani anamwapia asiyemwapia. Uaminifu wa aina hiyo ni mazoea yaliyovikwa kanzu. Mbacha wake wa kweli ni kidole kinachojua gizani kitufe kiko wapi, na jicho lililokwishazoea milimita zake hata likaiona picha kabla ya kamera kuinuliwa. Hayo hayamo katika orodha ya bei, na anayehama huyaacha nyuma, akarudi uanafunzini mbele ya maharusi ya watu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930. Wanaozitazama picha za studio ile huuliza huu ni mtaa gani, na huyu ni nani. Hawaulizi pete ya lenzi.

Kwa mwanamke yule, basi, lenzi kwanza. Ahame siku kamera itakapokosa spea na fundi, si kabla.

Limebaki jambo zito zaidi, ambalo wanaopigia hesabu suali hili hawaligusi. Kuhama ni kuuza. Hewa ya visiwani ina unyevu na chumvi, na lenzi iliyolala kabatini hushika kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, zisizoonekana mpaka mtu amulike tochi ndani ya kioo. Mnunuzi aghlabu ni kijana anayeanza, aliyekusanya shilingi moja moja, asiyejua kwamba lenzi humulikwa. Muuzaji anajua. Fedha za kijana huyo ndizo zitakazotimiza bei ya kamera mpya. Ukweli ukisemwa, bei inaanguka, na safari ya kuhama inaishia papo hapo mlangoni. Kijana anaigeuzageuza lenzi mkononi, anauliza kama ni nzima. Tochi imo ndani ya simu ya muuzaji.