Ugonjwa Mmoja, Hadithi Tatu

Binti wa kisa hiki nimemtunga, ndiyo maana simpi jina. Yaliyompata sikuyatunga. Yanawapata wanawake wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kwa mpangilio huu au unaoukaribia.

Alizaliwa Masisi, upande wa Nyabiondo, kwenye milima ya malisho na jibini. Akaolewa akiwa na miaka 16 ndani ya msitu wa Walikale, kwa kijana aliyebeba viroba vya madini ya bati mgongoni katika njia ya Bisie. Mwaka haukuisha akawa mjamzito.

Uchungu ulimwanza Jumatatu jioni. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya: alikuwa amezaa wanane juu ya mkeka uleule na hakuona kwa nini wa tisa wa ukoo azaliwe kwingine. Jumanne usiku mtoto hajatokea. Hapo wanawake wakaanza kumwuliza, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali: ulitembea na nani? Imani hii si ya kijiji kimoja wala ya kabila moja. Imeenea sehemu nyingi za Afrika. Uchungu ukikwama, inasemwa, kuna mwanamume mwingine, na njia haifunguki mpaka atajwe. Binti akataja jina la muuza chumvi wa sokoni, mtu ambaye hata mkono hawajawahi kupeana. Uchungu wa siku ya pili hutaja yeyote.

Jina likatajwa, mtoto akabaki palepale. Jumatano wanaume wakamfunga kwenye kipoyi, wakapokezana mabegani matopeni. Walifika hospitali Alhamisi alfajiri. Mtoto akatolewa akiwa amekwisha kufa. (Kisa hiki ni cha kabla ya Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Masisi mjini, na kabla ya Machi mwaka huohuo walipofika Walikale. Vita havijawahi kufupisha njia ya kipoyi.)

Kilichotendeka mwilini mwake hakihitaji mwanamume wa pili wala mchawi. Kinahitaji saa nyingi tu. Nyonga ni finyu, kichwa cha mtoto kimenasa, nacho kinakibana kibofu cha mkojo dhidi ya mfupa wa kinena. Nyama iliyobanwa inakosa damu, inakufa, na baada ya siku kadhaa inaoza na kudondoka. Linabaki tundu. Mkojo unapita hapo usiku na mchana, bila kuombwa ruhusa. Hiyo ndiyo fistula. Ikiwa mbichi na tundu dogo, mpira wa mkojo ukiachwa ndani wiki kadhaa huweza kuliziba bila kisu. Yeye mkojo ulimwanza akiwa amesharudi nyumbani, na nyumbani hakuna aliyejua kwamba kuna jambo la kuwahi.

Hapa nitakaa kidogo, maana watu hupapita mbio. Alikata kitenge chake cha harusi vipande, akawa anavifunga na kuvibadili. Alivifua mtoni kabla hakujapambazuka, akavianika chini ya nguo nyingine ili visionekane. Akaacha kula pamoja na wengine. Kisha akafanya lile ambalo wengi wenye ugonjwa huu hulifanya: akaacha kunywa maji. Kikombe asubuhi, basi. Aliona ni hesabu nyepesi, akinywa kidogo atavuja kidogo. Lakini mkojo wa mtu mwenye kiu ni mzito na mkali. Unaunguza mapaja mpaka ngozi inachubuka, unaweza kuganda kuwa mawe, na harufu yake inazidi maradufu. Mwenye fistula anatakiwa anywe kupita mtu mwenye afya, mkojo uwe mweupe kama maji. Nani angemwambia? Kila pua iliyokunjwa pale nyumbani ilimpunguzia kikombe kimoja, na kila kikombe kilichopungua kikazikunja pua zaidi.

Ile hadithi ya uzinzi haikudumu, kwa kuwa muuza chumvi alikuja juu na ndugu zake. Ikaingia ya pili: amerogwa. Mume hakumfukuza. Alinyamaza tu, akaenda Bisie, akawa anatuma samaki wa kukaushwa na salamu. Wakwe wakaamua arudi kwao Masisi mpaka akauke. Kaka yake akamfuata.

Huko Masisi hakuna aliyeuliza kitu. Msichana ametoka Walikale, amelowa, hana mtoto, hana mume. Majirani walimaliza wenyewe: wamembaka.

Hawakuitoa hadithi hiyo hewani. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha, wakiwemo waasi wa FDLR na wanamgambo wa Mai-Mai wa Ntabo Ntaberi Sheka, waliingia vijiji 13 vya Walikale katika barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi kikiwemo, na Umoja wa Mataifa ukahesabu waliobakwa wasiopungua 387. Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mwezi Novemba 2020. Ni uhalifu wa kweli, na walioupitia wanadai zaidi ya walichopewa. Ila jina la Walikale likabaki na maana moja tu, kwa wageni na kwa wenyeji, na kila mwanamke mgonjwa wa sehemu za siri akavishwa maana hiyo kabla hajafungua mdomo.

Hospitali ya Panzi, Bukavu, ile ya Daktari Denis Mukwege aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2018, ilitoa takwimu ambazo zingetakiwa kubandikwa ukutani katika kila kituo cha afya cha Kivu. Kati ya Novemba 2005 na Novemba 2007 wagonjwa 604 wa fistula walichunguzwa pale. Waliosema chanzo ni kubakwa walikuwa 24, na walipochunguzwa hao, ni watano tu ambao tundu lilitokana moja kwa moja na ukatili wenyewe. Wengi wa wale 604 waliumizwa na uzazi. Na hili nalisema kwa hasira kidogo: kuumizwa na uzazi hakuleti waandishi wa habari.

Shangazi yake alikuwa mjuzi wa dunia. Alimketisha usiku wa kuamkia safari ya kwenda kutibiwa Goma.

"Mwanangu, wakikuuliza, sema ulibakwa. Waliobakwa wanatunzwa bure."

"Shangazi, si kweli."

"Nani kasema ni kweli? Una pesa ya kisu?"

Shangazi hakuwa peke yake. Mwaka 2012 watafiti Nynke Douma na Dorothea Hilhorst wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, waliandika jinsi fedha za miradi ya ubakaji zilivyofanya wanawake wenye shida nyingine wajifunze kujiita waliobakwa, kwa sababu mlango uliokuwa wazi ulikuwa huo. Sitamlaumu mtu anayepita mlango uliofunguliwa. Kichekesho chenye uchungu ni kwamba hospitali aliyokwenda binti yetu ilikuwa ikishona fistula zote bure mwaka ule, za uzazi na za ukatili, bila kubagua. Shangazi hakujua. Tangazo lilikuwa getini, kwa Kifaransa.

Daktari alipompima alishuku. Kidonda kilikuwa cha uzazi. Akauliza mara moja, mbele ya wauguzi wawili, wanafunzi na mgonjwa wa kitanda cha pili. Muuguzi mmoja akamtia moyo kwa methali, "Mficha uchi hazai, mama," huku watu saba wakimsikiliza. Binti akajibu alivyofundishwa. Ikaandikwa: ubakaji. Kuhusu uzazi, mstari ukabaki mtupu.

Upasuaji ulifaulu. Mpira ulikaa wiki mbili, ukatolewa, akalala usiku mzima juu ya shuka kavu. Mshauri wa wahanga akaja mara kwa mara kuzungumza naye juu ya wanaume asiowahi kuwaona, na binti, mtu mwenye adabu, akalia palipotakiwa kulia. Mtoto wake aliyekufa hakuwa na mahali katika mazungumzo hayo, kwani katika hadithi ile hakuwahi kuwepo. Akafundishwa cherehani. Siku ya kutoka alipewa karatasi. Mstari mmoja wa Kifaransa ulisema kwamba akishika mimba tena, azalie hospitali kwa upasuaji. Hakuna aliyeusoma kwa sauti.

Gari lililomrudisha lilikuwa la mradi wa waliobakwa, na Nyabiondo nzima iliona limeandikwa nini ubavuni. Habari ikavuka msitu. Mume, yule wa samaki wa kukaushwa, aliyestahimili fununu ya uzinzi na ya uchawi, hii ya tatu ikamshinda. Kabla ya mvua za Septemba alikuwa ameoa. Lingekuwa jambo la haki kumwambia kwamba mkewe aliugua kwa ajili ya kumzaa mtoto wake. Lakini mkewe alikuwa ameshatia alama ya dole gumba chini ya maneno mengine.

Baada ya miaka miwili akaolewa Masisi, mke wa pili wa mzee mwenye ng'ombe. Akashika mimba, akaenda kliniki kama inavyotakiwa. Muuguzi akafungua kadi mpya.

"Umeshazaa mara ngapi, mama?"

Afanyeje? Kijijini na kwenye faili la Goma yeye ni aliyebakwa, si aliyezaa. Akisema amezaa, atakuwa alidanganya wazungu, na wanaodanganya, shangazi alisema, hudaiwa pesa yote.

"Bado."

Ikaandikwa mimba ya kwanza. Na kwa muuguzi yeyote aliyesoma, mimba ya kwanza haina haraka. Uchungu wake huchelewa. Kwa hiyo siku ilipofika, kituo kile cha afya kikasubiri. Kikasubiri usiku wa kwanza, kikamtuliza. Kikasubiri wa pili. Laiti kadi ingekuwa na maneno mawili tu, alipasuliwa zamani, angepandishwa pikipiki saa ya kwanza. Mtoto huyu naye hakulia, na mshono wa Goma ukafumuka, safari hii juu ya kovu. Kila fistula inayoshonwa mara ya pili ni ngumu kupona kuliko ilivyokuwa ya kwanza.

Hospitalini Goma alimkuta daktari mwanamke. Akawatoa wanafunzi, akavuta pazia, akaketi. Faili la zamani lilikuwa mezani, limefungwa.

"Mama, ulikaa na uchungu siku ngapi?"

"Mara ipi, docta?"

Daktari akakata kwa kalamu lililoandikwa zamani, akajaza mstari uliokuwa mtupu. Kisha akamwita kaka aingie, akamweleza kwa Kiswahili, akamtaka arudie maneno: akishika mimba tena, aletwe mjini mwezi mmoja kabla, asiguse mkeka wa mtu yeyote, mtoto atolewe kwa upasuaji hata kama uchungu haujaanza. Kaka akarudia yote sawasawa. Kisha akauliza bei.