Nani amemkaribisha mtu pangoni?

Ng'ambo ya ziwa Edward, upande wa Uganda, kuna Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo. Kulifikia kulikuwa rahisi: njia ya miguu, mwongozaji, kamera. Desemba 2007 mtalii kutoka Marekani aliingia, akaugua Marburg, homa ya virusi iliyo jamii moja na Ebola, akapona. Katikati ya 2008 aliingia Mholanzi. Mwezi Julai akafa. Chanzo walikuwa popo wala matunda, maelfu kwa maelfu. Pango likafungwa, na baadaye watalii wakajengewa mahali pa kuwatazama popo kwa mbali.

Huko Vuhovi, katika eneo la Beni nchini Kongo, ambako Ebola ya 2018 hadi 2020 iliacha makaburi mengi, habari hii haihitaji ufafanuzi mrefu.

Linalobaki ni swali la haki. Wanande, wenyeji wa huko, humwita Muumba Nyamuhanga. Ikiwa popo naye ni kiumbe chake, njia iliyofyekwa humpa binadamu ruhusa gani? Wapo watakaojibu kwamba mtu amepewa dunia aitawale. Sawa, ila utawala wa namna hiyo ulijaribiwa katika mgodi wa Kitaka, Uganda: baada ya wachimbaji kuugua Marburg mwaka 2007, popo waliangamizwa. Walirudi wachache, na kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha awali. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena katika eneo hilo.

Mlima Hoyo, kaskazini mwa Beni, nao una mapango, likiwemo Matupi, lililokaliwa na watu tangu kale. Barabara ikitengemaa, wageni watakuja. Popo wake hawataulizwa.