Simama Mlangoni pa Moyo Wako

Mithali sura ya 4, mstari wa 23, inauweka moyo mbele ya kila kitu ambacho mtu anastahili kukilinda, kwa kuwa uhai wake wote hububujika kutoka humo. Wengi wetu tuliukariri mstari huo tangu Shule ya Jumapili, na tunajua kwamba kitabu cha Mithali kinabeba jina la Mfalme Sulemani. Sasa fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 11, usome habari za uzee wa mfalme huyohuyo. Mtu aliyepewa hekima kuliko wenzake wote, aliyejenga hekalu kwa miaka 7, aliyepiga magoti mbele ya taifa zima akiinua mikono kuomba, anaishia kujenga mahali pa kuabudia miungu ya wake zake, mlimani, mkabala na Yerusalemu. Biblia haisemi kwamba alishindwa vitani, wala haisemi kwamba alifilisika. Inasema moyo wake uligeuzwa.

Ndugu yangu, hapo pana onyo kwa kila anayeitwa kwa jina la Kristo. Kuujua mstari si kuulinda moyo. Unaweza kuufundisha, ukauhubiri, ukautundika ukutani sebuleni, na mlango wako ukabaki wazi mchana na usiku. Wake 700 na masuria 300 hawakuingia ikulu kwa mkupuo mmoja. Waliingia mmoja mmoja, na bila shaka kila mmoja alikuja na sababu yake nzuri, kama binti Farao alivyokuja na mapatano kati ya Misri na Israeli. Kila Sulemani aliporuhusu, kesho yake jua lilichomoza kama kawaida. Hekalu lilikuwa palepale, na dhabihu ziliendelea kutolewa. Ndiyo maana hakushtuka.

Moyo haupotei siku ya dhoruba. Siku ya dhoruba hufichua tu yaliyokwisha kutokea. Moyo hupotea siku za kawaida, Jumanne saa nne asubuhi, wakati hakuna anayetazama na hakuna kinachoonekana kuharibika. Basi siku hizo za kawaida ndizo siku za kusimama mlangoni.

Baiskeli ya Festo Kivengere

Tunao mashahidi wa jambo hili hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia miaka ya 1930, Roho wa Mungu alitikisa kanisa la Afrika Mashariki. Moto uliwaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wa Uamsho ule, waliokuja kuitwa walokole, hawakujulikana kwa majengo wala vyombo vya muziki. Walijulikana kwa kutembea nuruni. Walikutana kila juma, wakaimba, wakasoma Neno, kisha kila mmoja akasema bila kuzunguka yaliyokuwa moyoni mwake: wivu wake, uongo wake, chuki yake kwa jirani. Mali zilizoibwa zilirudishwa kwa wenyewe. Waafrika na Wazungu waliungamiana dhambi, katika enzi ya ukoloni ambamo jambo hilo lilikuwa halifikiriki.

Mmoja wao alikuwa mwalimu kijana kutoka kusini-magharibi mwa Uganda, Festo Kivengere. Muda mfupi baada ya kuokoka, Mungu alimwonyesha Mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Hakuishia kusema, “Bwana, nisamehe,” kisha akaenda zake. Alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu mpaka nyumbani kwa mtu yule, akamweleza kwamba alikuwa akimchukia na kwamba amekuja kuomba msamaha.

Itazame picha hiyo vizuri. Vumbi, jasho, kilima baada ya kilima, na njiani sababu tele za kugeuza baiskeli. Nani angejua? Yule Mzungu mwenyewe huenda hakuwa na habari kwamba anachukiwa. Lakini kijana yule alikwisha kuelewa kwamba chuki aliyoificha kwa siri ingemharibu yeye kabla ya kumgusa adui yake.

Miaka ilipita. Kivengere akawa askofu wa Kigezi wa Kanisa la Anglikana, na Uganda ikawa chini ya Idi Amin. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alishikiliwa mjini Kampala huku maaskofu wenzake wakiambiwa waende zao. Kivengere alikuwa miongoni mwao. Baadaye serikali ilitangaza kwamba Luwum amekufa katika ajali ya gari. Aliuawa. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walikimbia, wakavuka milima usiku kwa miguu mpaka Rwanda.

Nani angemlaumu kama angemchukia Amin? Alikuwa mkimbizi. Rafiki yake alikuwa kaburini. Waumini wake walikuwa wanauawa. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa London ndani ya kanisa la All Souls, alitafakari jinsi Yesu alivyowaombea msamaha waliomsulubisha, na hapo akaona kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa umeanza kuota mizizi ndani yake. Aliungama, akasamehe, na mwaka uleule akatoa kitabu alichokiita kwa Kiingereza *I Love Idi Amin*. Jina hilo liliwashangaza wengi. Hakuwa anausifu udhalimu, maana kwenye kitabu hicho aliyaeleza mateso ya watu wake waziwazi. Alikuwa akitangaza kwamba dikteta aliyeweza kumnyang'anya nchi hakuweza kumnyang'anya moyo.

Je, alipata wapi nguvu hiyo? Si pale London peke yake. Ilianza kwenye baiskeli, alipokuwa kijana ambaye hakuna aliyemjua. Mtu aliyejizoeza kuungama chuki ndogo kwa miaka mingi ndiye aliyeweza kuitambua chuki kubwa ilipobisha hodi ikiwa imevaa nguo za haki.

Sumu huingia kwa sikio

Tuseme pia yale mazito. Rwanda, nchi ambamo Uamsho uliwaka, ndiyo nchi iliyoangamia mwaka 1994 kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Idadi kubwa ya wananchi wake walikuwa wamebatizwa. Makanisa yalijaa. Lakini tangu katikati ya mwaka 1993, redio ya RTLM ilikuwa inaingia majumbani na kwenye baa kwa muziki mtamu na utani, na katikati ya muziki huo majirani wa Kitutsi wakaitwa mende. Watu walisikiliza. Wengine walicheka. Wengine walinyamaza. Neno moja leo, neno moja kesho. Ulipofika Aprili 1994, wapo waliokuwa wakishiriki ibada pamoja waliowageuka wenzao, na waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humohumo ndani. Mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu wa vyombo vya habari kwa maneno waliyoyasambaza.

Mpendwa, usiseme hayo ni ya Rwanda. Hayo ni ya moyo wa binadamu. Yesu alisema, katika Marko sura ya 7, kwamba mawazo mabaya, uuaji, wizi, uzinzi, tamaa, hila na kiburi hutoka ndani ya mtu, na kwamba hayo ndiyo humtia unajisi. Panga hutangulia kunolewa moyoni.

Na nchi hiyohiyo ikatupa jibu. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari ya Nyange, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Wapo waliouawa kwa kukataa huko. Vijana wale hawakupewa wiki ya kutafakari. Walikuwa na dakika chache tu, gizani, mbele ya bunduki. Jibu lao lilikuwa limekwisha kujengwa kabla ya usiku ule. Mtu hachoti kisimani maji ambayo hayamo.

Mlango wako leo

Sasa tuje kwako na kwangu. RTLM ya leo haihitaji mnara. Iko kwenye simu, chini ya mto wako wa kulalia. Kabla hujatamka neno moja kwa Mungu asubuhi, kidole kimekwisha kufungua WhatsApp: umesikiliza sauti ya mtu anayewatukana wa kabila fulani au chama fulani, umeona video usiyothubutu kumwonyesha mwanao, umepekua hali za watu watano na wivu umekukaa rohoni. Saa kumi na mbili na nusu unapiga mswaki, moyo umejaa tayari. Halafu mchana unashangaa kwa nini umemkaripia mtoto kwa kosa dogo.

Au uko kanisani. Umesimama safu ya pili ya kwaya, sare imepigwa pasi, sauti ya kwanza na ya pili zinakutana vizuri, na washarika wanasema amina. Lakini dada aliyesimama kushoto kwako hujampa mkono tangu kile kikao cha kuchagua rangi ya sare. Mnaimba habari za mbinguni bega kwa bega, na hamsalimiani. Umejizoesha kupita mlango wa pili ili msikutane. Waebrania sura ya 12 inaonya kwamba shina la uchungu likichipuka hutia unajisi watu wengi. Watu wengi! Leo ni wewe na yeye, kesho ni kwaya, keshokutwa ni usharika mzima umegawanyika, na hakuna anayekumbuka kwamba mwanzo ulikuwa rangi ya kitambaa.

Wengine wamejeruhiwa kweli. Umesalitiwa na mwenzi wako, umedhulumiwa urithi na ndugu wa damu, umeumizwa na mtu uliyemwita mchungaji. Ukaamua kuulinda moyo kwa kuufunga: huamini mtu, hupendi mtu, husali na mtu. Naelewa uchungu huo, lakini huko si kulinda, huko ni kuugeuza moyo kuwa jiwe, na Mungu katika Ezekieli aliahidi kuuondoa moyo wa jiwe na kutupa wa nyama. Kivengere aliulinda moyo wake ili uendelee kupenda. Mlinzi mwema wa mlangoni humkaribisha mgeni mwema na kumzuia mwizi. Ukidhulumiwa, dai haki kwa njia halali, ripoti, shtaki inapobidi. Ila usikubali aliyekunyang'anya shamba aondoke na roho yako pia.

Anza leo

Kwanza, mpe Mungu neno la kwanza la siku. Simu isubiri. Zaburi moja na sala ya dakika tano kabla ya skrini vitabadilisha aina ya mtu anayeingia kazini asubuhi hiyo.

Pili, chagua unachokisikiliza. Toka kwenye kundi linalokulisha dharau na umbea. Huna haja ya kuaga kwa hotuba. Bonyeza, toka. Usisambaze sauti ambayo usingependa isikike mbele ya madhabahu.

Tatu, usilale na hasira. Paulo aliwaambia Waefeso jua lisizame wakiwa bado na uchungu, wasije wakampa Ibilisi nafasi. Kila usiku jikague kwa swali hili moja: nani nimemlaza moyoni mwangu pamoja na kinyongo?

Nne, tafuta wenzako wa kutembea nao nuruni. Watu wa Uamsho hawakujilinda kila mtu kivyake. Tafuta mmoja au wawili, wanaotunza siri na wasioogopa kukuuliza, “Ndugu, moyo wako ukoje juma hili?” Kisha jibu ukweli. Dhambi iliyoletwa nuruni hupungua nguvu, na inayofichwa hunenepa.

Tano, na hili ndilo linaloyabeba yote: usisimame mlangoni peke yako. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, askari wakimlinda, na alichowaahidi ni kwamba amani ya Mungu ndiyo itakayoilinda mioyo yao katika Kristo Yesu. Tunafanya zamu yetu, lakini Mlinzi mkuu halali. Ukiwa umeanguka, Daudi naye alianguka, akalia, akaomba aumbiwe moyo safi, na Mungu hakumfukuza. Hakuna moyo ulioharibika kiasi cha kumshinda aliyeuumba.

Simama basi! Usingoje semina, usingoje mkesha, usingoje mwaka mpya. Ukisoma hapa, huenda kuna jina moja limekujia na kukataa kuondoka. Jina hilo ndilo kazi yako ya leo. Mwombee, kisha mpigie simu au nenda kwake, ukaseme lile uliloliahirisha. Akikataa msamaha wako, wewe utakuwa umekwisha kuwa huru. Nenda leo, kabla jua halijazama.